Programu ya kujaza vipimo vya picha: iguse faili zetu au isiguse?

Msumari: Wakuu, tovuti ya kikundi chetu cha kumbukumbu za mtaa ina kurasa 300 na ushee, HTML iliyoandikwa kwa mkono tangu 2011. Picha karibu zote hazina upana wala kimo kwenye tegi, yaani ile alama ya msimbo inayoiita picha. Nimeandika programu ndogo ya terminali, lile dirisha jeusi la kuandika amri: unaielekeza kwenye folda, inafungua kila ukurasa, inaitafuta picha kwenye diski, inasoma vipimo vyake na kuviandika ndani ya tegi ya img. Sekunde chache imemaliza. Mwenzangu amegoma, anasema mashine isiguse faili zilizoandikwa na watu. Vipimo viwekwe wakati wa kuchapisha tu. Mnasemaje?

Kibatari: Vipimo vya nini tena, mkuu? Hayo ni ya enzi za Netscape. Siku hizi kwenye CSS, faili ya mwonekano wa ukurasa, unaweka upana asilimia mia, kazi imeisha. Na anayehangaika na terminali leo anataka kuonekana tu. Plagini zipo, viongezi vilivyo tayari, unabofya tu.

Nahodha: Anataka kuonekana? CSS yako inajua upana, kimo haikijui mpaka picha ifike. Hapo ndipo maandishi yanasukumwa chini, msomaji anapoteza mstari. Tangu 2018 kama sijasahau, vivinjari vinatumia namba za kwenye tegi kupata uwiano na kutenga nafasi kabla picha haijashuka. Ila wewe ni mtu wa plagini, huwezi kujua.

Tarishi: Ni Desemba 2019, Nahodha: Firefox 71 na Chrome 79. Safari ikafuata 2020. Msumari, swali langu ni hili: programu yako inasoma alama ya mwelekeo kwenye EXIF, zile taarifa ambazo kamera inaziweka ndani ya faili ya picha? Picha ya simu iliyopigwa wima mara nyingi imehifadhiwa ikiwa imelala, tuseme 4000 kwa 3000, na alama inayosema igeuzwe. Kivinjari kinaigeuza. Ukiandika 4000 kwa 3000 unatenga nafasi ya picha iliyolala, na kama CSS haina height: auto (kimo kifuate uwiano wa picha yenyewe), nyuso za watu zinatanuka kama chapati.

Mama Zulekha: "Mtu wa plagini, huwezi kujua." Nahodha, kwa plagini hizo nimetengeneza tovuti za vikundi vya akina mama wanaouza batiki na achari, na ada za wanangu zimelipwa. Fundi kwako ni nani? Mwenye dirisha jeusi?

Nahodha: Dada, sikukutaja wewe. Nilimjibu Kibatari.

Kibatari: Na mimi ni nani, nisitajwe vizuri? Omba radhi kwanza. Halafu hizo namba programu inazitoa wapi? Inapakia picha nzima moja moja?

Nahodha: Haihitaji. PNG inataja upana na kimo kuanzia baiti ya 16 hadi ya 23, GIF baiti ya 6 hadi ya 9, ukihesabu kuanzia sifuri. JPEG unaruka alama moja baada ya nyingine mpaka ufike SOF, alama yenye vipimo. Sikusema mjinga, nimesema mtu wa plagini.

Binti Pwani: Jamani, mnagombania vyeo. Mwaka jana nilikuwa na mdogo wangu tunatafuta jina lake kwenye orodha ya waliochaguliwa, tovuti ya shule moja, simu ya kuazima, bando linakata. Amelifikia, kaweka kidole, picha kubwa ya jengo ikashuka juu ya ukurasa, orodha yote ikateremka. Kidole kikawa kwenye jina la mtu mwingine, naye akaanza kulia akidhani hayumo. Mimi vipimo nataka viwepo, aviandike nani si hoja.

Mama Zulekha: Pole kwa mdogo wako. Lakini hili la kutojua silimezi. WordPress yenyewe, mfumo wa kutengenezea tovuti, tangu toleo la 5.5 la 2020, picha ya makala ikikosa upana na kimo inavijaza wakati ukurasa unatolewa. Ulichoandika kwenye makala hakiguswi. Mtu wa plagini ndiye anakufundisha.

Karafuu: Mimi ndiye mwenzake Msumari, na Mama Zulekha amesema ninachokitaka. Vipimo sijavipinga hata siku moja. Programu yake ilipopita ilipanga upya kila tegi na kufuta komenti zote za HTML, yale maelezo ambayo msomaji wa ukurasa hayaoni. Mzee aliyeanzisha tovuti, marehemu sasa, alikuwa anaacha maneno humo. Juu ya picha ya kisima kulikuwa na mstari: "Hii alipiga baba yangu, msiikate." Nimeufungua ukurasa juzi, mstari haupo.

Msumari: Karafuu, hilo hukuniambia. Nilitumia maktaba inayosoma ukurasa mzima na kuuandika upya, kumbe komenti imezitupa. Zote zipo kwenye git, inayotunza matoleo ya zamani ya faili, usiku huu narudisha. Naibadilisha iingize namba mbili ndani ya tegi tu, herufi nyingine isisogee. Tarishi, nimeangalia: haisomi EXIF. Picha za maulidi zote zimeandikwa kimgongomgongo, upana mahali pa kimo.

Karafuu: Mstari wa kisima urudishe kwanza. Mengine tutaongea.

Kibatari: Nahodha yuko mtandaoni, namwona. Radhi yangu iko wapi?

Mama Zulekha: Na yangu.