Msimamo wa mbunge kuhusu TASAF na mikopo ya asilimia kumi: nitaupata wapi kwa maandishi?

Mkazi wa Makorora
Wadau wa Tanga, salaam. Kwenye magrupu kila mtu ana klipu yake ya mbunge akitetea kaya masikini za TASAF (mfuko wa serikali wa kuzisaidia) na mikopo ya halmashauri kwa akina mama. Kikundi chetu kinataka kumuuliza maswali kwenye mkutano wa hadhara, tukiwa na maneno yake kamili, si vipande. Tuanzie wapi?

Chumbageni Juu
Anzeni na Hansadi (kumbukumbu rasmi za yanayosemwa bungeni), ipo bure kwenye tovuti ya Bunge. Kila kikao kina faili lake na tarehe. Msihangaike na mwaka mzima, fungueni vikao vya bajeti, Aprili hadi Juni: mikopo itafuteni kwenye mjadala wa bajeti ya TAMISEMI (ofisi inayosimamia serikali za mitaa), TASAF kwenye bajeti ya Utumishi na Utawala Bora. Tafuteni jina lake, msome mchango wote. "Naunga mkono hoja" husemwa na karibu kila mbunge, haiwaambii kitu. Tazameni alichoomba: nini, wapi, lini.

Halafu pimeni uzito. Swali la nyongeza huulizwa papo hapo, ni jepesi. Swali la msingi hupelekwa mapema kwa maandishi, kwa hiyo nakilini na jibu la waziri, maana ndani yake mna ahadi. Zito zaidi ni kushika shilingi ya mshahara wa waziri, yaani kutishia kuzuia bajeti yake mpaka atoe maelezo. Kama aliishika kisha akairudisha, someni aliirudisha kwa ahadi gani. Swali lenu limelala hapo.

Kura zisiwapoteze. Miswada mingi hupita kwa sauti ya wengi, jina la mtu halibaki popote. Bajeti kuu ndiyo wabunge huitwa mmoja mmoja.

Pongwe
Msisahau baraza la madiwani. Mbunge ni mjumbe, hukaa kila robo mwaka, na mwananchi anaruhusiwa kuingia kusikiliza. Ile asilimia kumi ya mapato ya ndani (wanawake 4, vijana 4, wenye ulemavu 2) hutengwa na halmashauri, si Bunge. Mikopo ilisimamishwa 2023, ikarejeshwa 2024. Linganisheni alichosema kabla, ilipokuwa imesimama, na iliporudi.

Muhtasari wa vikao vya baraza ombeni kwa barua kwa mkurugenzi wa halmashauri, mkitaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016; ana siku 30 kujibu. Tajeni kikao na robo yake. Ukiandika "naomba taarifa za mikopo" tu, barua itazungushwa meza hadi meza.

Mkazi wa Makorora
Shukrani sana. Na mabati ya shule anayosema katoa yeye?

Chumbageni Juu
Ulizeni yalitoka mfuko gani. Mfuko wa Jimbo, kwa sheria ya 2009, ni fedha ya serikali. Mbunge ni mwenyekiti wa kamati yake, katibu ni afisa mipango wa halmashauri, na orodha ya miradi iko kwa afisa huyo.

Kwa TASAF, msimuulize kwa nini bibi fulani hakuandikwa. Kaya hutajwa kwenye mkutano wa mtaa, kisha huhakikiwa. Mbunge hashiki kalamu pale. Lalamiko hilo ni la mratibu wa TASAF wa halmashauri. Linalomhusu yeye ni kama amewahi kuomba bungeni walioachwa watambuliwe upya, na katika kikao cha tarehe ipi.