Viboko au kifungo: kipi kinamtia mwizi adabu?

Mdau_Kimya: Wakuu, heshima kwenu. Mwizi wa simu anafungwa miezi 6, anakula na kulala kwa kodi zetu, kisha anatoka kafundishwa kuvunja nyumba. Kwa nini asichapwe viboko 24 siku hiyo hiyo, arudi kwake akiuguza makalio? Singapore wanachapa, na kumetulia. Naomba kuwasilisha.

Chuma_cha_Pua: Naunga mkono hoja. Na wachapwe hadharani!

AskariMstaafu: Mkuu Mdau, nimefanya kazi ya uaskari magereza hadi nikastaafu, kwa hiyo hapo kwenye "kafundishwa kuvunja nyumba" sibishi. Ukimlaza mgeni na sugu chumba kimoja, umempeleka shule.

Lakini hiyo fimbo mnaipa sifa isizostahili. Nikiwa mapokezi, mtu anavua mkanda, anakabidhi vitu vyake, namuuliza: ulijua kosa lako lina kifungo gani? Wengi hata hawakuwa na habari. Walichokuwa wakikisema usiku kucha ni nani kawachoma. Mtu anayeamini hatakamatwa hapigi hesabu ya miaka wala ya viboko.

Kuna kijana aliletwa na makovu ya kipigo mgongoni, raia walikuwa wamemshughulikia kabla polisi hawajafika. Mnadhani aliyaficha? Jioni alivua shati makusudi. Nyapara akampa pa kulala mbali na ndoo ya haja, heshima ambayo mgeni haipati hivi hivi.

Hiyo Singapore nayo, someni vizuri. Kule kwa kawaida mtu anachapwa NA anafungwa. Yule kijana wa Kimarekani, Michael Fay, mwaka 1994 alipata viboko 4, kifungo cha miezi 4 na faini juu yake. Sasa utajuaje ni kipi kilichomtisha mwenzake? Isitoshe, wenye umri zaidi ya miaka 50 hawachapwi, wala wanawake.

Mzee_wa_Kumbukumbu: Nimwongezee askari. Uingereza waliwahi kulipima jambo hili. Kamati ya serikali iliyotoa ripoti mwaka 1938 ililinganisha wanyang'anyi waliochapwa na ambao hawakuchapwa. Waliochapwa hawakutulia kuliko wenzao. Mwaka 1948 mahakama zikaondolewa mamlaka ya kuchapa. Na wewe Chuma, kuhusu hadharani: karne ya 18 huko huko watu walinyongwa mbele ya umati, na wachomoaji wa mifukoni walifanya kazi yao humo humo kwenye umati.

Chuma_cha_Pua: Duh. Hapo kwa wachomoaji umenikamata.

Mdau_Kimya: Sawa, wazee. Ila mtu kaibiwa simu, mnamwambia nini? Avumilie?

AskariMstaafu: Asivumilie. Mwizi wa mara ya kwanza nisingemfunga na sugu. Ningempa kazi za jamii chini ya usimamizi, na amlipe mwenye simu, hata kwa awamu. Akishindwa kulipa kwa ukaidi, basi jela ipo. Nguvu nyingine ningeipeleka kwenye upelelezi, maana kesi nyingi za simu zinaishia kwenye kuandikisha taarifa tu, na wezi wanalijua hilo kuliko sisi. Halafu simu ya wizi haikai mfukoni mwa mwizi, lazima iuzwe upesi. Huyo anayeinunua, mbona hakuna aliyemtaja humu?

Mdau_Kimya: Huyo nilimsahau kabisa. Na yeye mnamfunga au mnamfungia biashara?

AskariMstaafu: Anza na biashara.