Malalamiko: Onesho la kumuenzi Marijani Rajab ambalo halikumtaja Marijani Rajab

Wanajamvi, nawasalimu. Ninafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuificha, kwa kuwa jambo lenyewe limejirudia mno na sasa linafanywa kwa jina la heshima.

Machi iliyopita nilihudhuria onesho katika ukumbi mmoja wa hapa Dar es Salaam ambalo lilitangazwa kuwa ni la kumuenzi marehemu Marijani Rajab, mtunzi na mwimbaji wa muziki wa dansi. Picha yake ilikuwa kwenye bango na kwenye tiketi. Bendi ilianza na "Zuwena", na mshereheshaji akatuambia kwamba hiyo ni zilipendwa yetu sote. Zikafuata "Georgina" na "Mwanameka", na hadi mapumziko hakuna mtu jukwaani aliyesema nyimbo hizo zimetungwa na nani, alizitunga akiwa na bendi gani, wala zilitoka katika miaka ipi. Kilichoniumiza zaidi ni "Georgina". Waimbaji waliruka ubeti mzima, wakaingia mapema kwenye chemko, ile sehemu ya mwisho ya kuchezeka, na pale ambapo tulitarajia maneno ya mtunzi tukasikia yakiimbwa majina ya mabwana waliokaa meza za mbele, ambao walikuwa wakipanda jukwaani mmoja mmoja kutunza noti. Mtu aliyelipia meza aliimbwa kwa jina lake kamili, pamoja na mtaa anaotoka. Aliyetunga wimbo, hadi mapumziko hayo, hakuwa ametajwa hata mara moja katika onesho lililobeba picha yake.

Sina ugomvi na utamaduni wa kutunza wanamuziki, maana wengi wao huishi kwa hicho. Nina ugomvi na kumtumia marehemu kama chambo cha kiingilio.

Kwa vijana ambao huenda wanaisikia sauti hiyo bila kumjua mwenyewe, Marijani alizaliwa Kariakoo mwaka 1955, akafariki Machi 1995 akiwa na umri wa miaka 40 tu. Alikuwa kijana mdogo sana alipoanza kung'ara na bendi ya Safari Trippers katika miaka ya 1970, na "Georgina" ni ya wakati huo. Baadaye akaiongoza Dar International, bendi ya mtindo wa Super Bomboka, na huko ndiko zilikotoka "Zuwena" na "Mwanameka". Walimwita Jabali la Muziki, na kwa maoni yangu jina hilo lilimstahili kwa utunzi kuliko hata kwa sauti. Yeye hakuwa mtu wa kurudia kibwagizo hadi wimbo uishe. Alikuwa anasimulia, na ndiyo maana nyimbo zake huwa na mtu mwenye jina, na huyo mtu huwa na kisa ambacho ubeti mmoja hukianzisha na mwingine hukisogeza mbele. Ukiuruka ubeti katika wimbo wa namna hiyo, umeikata hadithi katikati, na msikilizaji mgeni hawezi kuelewa kwa nini wazee waliokaa kando yake wanatikisa vichwa.

Kusahauliwa kwake hakukutokea kwa bahati mbaya. Enzi zake, bendi ya Tanzania ilirekodi Redio Tanzania Dar es Salaam, ikalipwa kidogo, na utepe ukabaki maktaba ya redio. Kiwanda cha kufyatua santuri hapa nchini hakikuwepo, kwa hiyo santuri zilitengenezwa Nairobi, na hesabu za mauzo zilikuwa mbali na macho ya mtunzi. Ziliposhika kasi kanda za kaseti, kila mwenye mashine mbili za kurekodia akawa mchapishaji. Wimbo ulizunguka nchi nzima na mwenyewe akabaki mtupu. Ndiyo maana mtu aliyeimbwa na taifa zima alimalizia miaka yake akiendesha kibanda kidogo cha kuuza kanda. Ninapomsikia mshereheshaji akisema nyimbo hizi ni "zetu sote", ninakumbuka kibanda hicho.

Wapo watakaonijibu kwamba nyimbo ni za zamani na hazina mwenyewe. Hilo si kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha COSOTA, taasisi ya hakimiliki nchini, inalinda haki ya mtunzi kwa uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Marijani alifariki mwaka 1995. Hesabu hiyo inafika mwaka 2045. Sheria hiyo hiyo inampa mtunzi haki ya kutambuliwa kuwa ndiye mwenye kazi. Kumtaja, kwa hiyo, si hisani ya mshereheshaji.

Ni haki niseme pia kwamba si wote waliokuwa jukwaani walioacha kumtaja. Baada ya mapumziko, mpiga solo mmoja mtu mzima, ambaye ratiba haikumpa nafasi ya kuzungumza, aliomba kipaza sauti kabla ya "Rosa Nenda Shule". Akamtaja Marijani kwa jina, akaitaja Safari Trippers, kisha akaupiga utangulizi wote wa gitaa bila kuufupisha, huku mshereheshaji akimwonesha saa. Ukumbi ulinyamaza, kisha watu wakaimba beti zote hadi mwisho, bila karatasi. Yule alimuenzi, na ilimchukua muda usiozidi dakika moja ya maneno. Basi nani atuambie kwamba muda haukutosha?

Kwa waandaaji, ambao najua baadhi yao hupita humu, ninadai mambo ya kawaida kabisa. Kila wimbo utangulizwe kwa jina la mtunzi na la bendi iliyourekodi. Beti zote ziimbwe, na majina ya wanaotunza yasubiri wimbo uishe. Kisha mtueleze hadharani, kabla ya kuuza tiketi nyingine yenye sura ya marehemu, kama mlilipia matumizi ya nyimbo hizo na kama familia yake ilishirikishwa. Iwapo mlifanya hivyo, wekeni maelezo hapa na mimi nitayasoma kwa heshima. Iwapo hamkufanya, rudini kwa warithi kwanza, kwa sababu tiketi yangu mimi niliilipia kamili, tena kwa ajili ya Marijani.