Tairi za AT au MT kwa Hilux ya kubebea asali, Tabora mjini mpaka porini Sikonge?

nyuki_mkali:
Wakuu mwangaluka. Niko Tabora mjini, kazi yangu kununua asali kwa warinaji huko ndani ndani Sikonge naileta mjini. Gari ni Hilux dabo kebini ya dizeli, ringi 17, tairi 265/65R17 zile za lami za kawaida, nilizikuta nazo wakati nanunua gari na sasa hivi zinakaribia kipara. Toka hapa mpaka Sikonge ni lami kama kilomita 70 hivi, baada ya hapo naingia vumbi kisha njia za msituni, mchanga mchanga, visiki, na katikati kuna mbuga mbili za udongo mweusi.

Kiangazi sina shida. Shida ni masika. Mwezi wa kwanza nimelala porini na madumu 25 ya asali nyuma, na wala maji hayakuwa mengi, tope la kufika kwenye kifundo cha mguu tu, ila tairi zilijaa ule udongo mpaka zikawa laini kama andazi, nakanyaga mafuta zinazunguka gari halisogei hata shubiri. Walionitoa ni vijana na ng'ombe wanne wa kulimia, na kabla hawajafunga kamba tulipatana bei kwanza, gizani hapo hapo, mmoja ananimulika usoni na tochi ya simu aone kama kweli sina hela.

Sasa swali, nichukue AT (all-terrain, za njia mchanganyiko) au nimalize ubishi nichukue MT (mud-terrain, za tope) zenye kashata kubwa, yale meno ya mpira? Washkaji wanasema MT, fundi wangu anasema ntajuta. Hela ipo ya seti moja tu.

chuma_chakavu:
MT. Mwanaume hafungi AT.

dreva_wa_zamani:
@chuma_chakavu mwanaume huyo atakuja kumlipia dizeli?

fundi_ngambo:
Mie nafunga tairi miaka kumi na ushee sasa, ngoja nikupe nnavyoona. Anza kwa kuhesabu kilomita zako. Kwenda na kurudi una lami 140. Porini tuseme 35 kwenda 35 kurudi, hiyo 70. Yaani theluthi mbili ya maisha ya hilo tairi yanaishia kwenye lami, lakini wewe unataka kulichagua kwa ajili ya zile mita mia tatu za mbuga zilizokulaza njaa. Nakuelewa, ningekuwa mimi nimelala na ng'ombe ningewaza hivyo hivyo.

Kashata za MT ni kubwa na zimeachana, na lile pengo kati ya kashata na kashata ndo lenye kazi, tope linaingia, tairi likizunguka linalitema. AT zimekaribiana kwahiyo kwenye udongo mweusi zinajaa, hapo sikufichi. Ila hizo MT ukizipeleka lami ya saa nane mchana zinaisha kama sabuni na zinaliwa vibaya, upande mmoja wa kashata unabaki juu mwingine unashuka, ukipitisha kiganja unahisi meno ya msumeno. Toka hapo ni vuuuuu mpaka Sikonge, redio husikii, na mafuta yanaongezeka kwa sababu tairi ni zito na linakokota. Halafu mvua ikikukuta kwenye lami, AT ina vile vimikato vyembamba juu ya kashata, kama imechanjwa na wembe, ndo vinavyoshika lami ikiwa na maji. MT nyingi vimikato hivyo ni vichache au hamna kabisa, ng'ombe akikatiza ukashika breki ghafla unaserereka.

Mie ningechukua AT, ila sio AT yoyote. Angalia ubavuni kama kuna herufi LT (light truck, tairi za pikapu za mzigo) mbele ya namba za saizi. Ukuta wake ni mgumu, kisiki cha myombo hakiuchani kirahisi. Tairi nnazoletewa kutoka msituni huko nyingi hazijaisha kashata, zimefia ubavuni.

kasulu_kwetu:
Salamu kutoka Kasulu. Nakubaliana na fundi nusu. Nna mkonga pikapu nimefunga MT, na kwenye tope zito naapa hakuna kinachoigusa. Lakini mleta mada amesema ana mchanga, na hapo ndo MT inapomtia mtu aibu. Kwenye mchanga inatakiwa gari lielee, MT yenyewe ukikanyaga kwa pupa inachimba kaburi, sekunde kadhaa tu difu limekaa chini umebaki unatafuta koleo.

Na huku kwetu kuna kitu kingine, udongo mwekundu wa milimani, kupanda Heru Juu au ukienda upande wa Manyovu. Mvua ikinyesha sio tope la kuzama, ni kama barabara imemwagiwa mawese. Mwaka fulani nashuka mlima na hizo hizo MT nilizokuwa najisifia, taratibu kabisa gia ya kwanza, gari likaanza kwenda ubavu lenyewe kuelekea mtaroni huku usukani nimeukata upande wa pili, polepole hivyo hivyo, abiria aliyekaa mbele akafungua mlango akaruka akawa anatembea pembeni yangu ananitazama. Lilisimama lenyewe kwenye migomba ya watu. Tairi haikufanya chochote pale. Kwahiyo mtu asikudanganye MT inapita popote.

mama_tumbaku_urambo:
Wanangu mnabishana kashata, mimi nalima Urambo na mbuga nnazipita toka bado naendeshwa na marehemu mume wangu. Nna AT mwaka wa tatu. Mbuga ikishakunywa maji yakatosha hata trekta linalala, sasa hiyo pikapu itakuwa nani? Mimi mvua ikinyesha leo sipiti leo. Nasubiri kesho yake mchana jua limepiga, ile ngozi ya juu imeshika. Na kabla ya kuingia nashuka natembea mwenyewe na gambuti. Mguu ukitoka gambuti ikabaki chini, narudi zangu nyumbani. Gambuti ikitoka na mguu, naweka foo wili KABLA ya kuingia, sio nikishanasa, gia ya pili, na mafuta siyaachii mpaka nitokee ng'ambo. Kijana wa asali nadhani uliingia na mbili za nyuma tu ukakumbuka foo wili ukishazama, au nakusingizia?

nyuki_mkali:
Mama shikamoo. Hujanisingizia 😅

dreva_wa_zamani:
Mbona sioni mtu anayetaja upepo jamani. Nimeendesha Kigoma, Uvinza, Kaliua, Nguruka huko kabla hata ya lami, tairi zilikuwa za kawaida tu tunapita. Siri ni upepo. Ukiingia mchanga mrefu na gari halina mzigo shusha mpaka PSI 20 hivi, tairi linatanuka chini linakuwa refu kama wayo wa ngamia, gari linapanda juu. Tope nalo linasaidiwa hivyo hivyo.

Ila wewe una asali, na watu wanasahau asali ni nzito kuliko maji. Dumu la lita 20 linakaribia kilo 28, ukiwa na 25 nyuma ni kilo 700 kabla hujajiweka wewe na utingo. Kwa mzigo huo usishuke hivyo, 28 mwisho, tena mwendo wa kobe. Na ukifika lami JAZA KABLA HUJAENDELEA, tairi lililolegea lenye mzigo ukienda nalo 80 linachemka kwa ndani, utasikia tu limepasuka. Nunua pampu ile ya kushika kwenye betri na geji yake. Usiamini kupiga teke.

nyuki_mkali:
Asanteni sana, nimeanza kuelewa. Ila nna wazo, je nikifunga MT nyuma mbili halafu AT mbele? Na kuna jamaa ananiambia niende 265/70R17 gari lipande juu kidogo.

fundi_ngambo:
La kwanza hapana. Hilux yako ukiweka foo wili mbele na nyuma vinafungwa vizunguke sawa, sasa MT na AT hata saizi ikiwa moja ubavuni mzunguko wake mara nyingi unatofautiana kidogo, na zinaisha kwa kasi tofauti. Kwenye tope hutaona kitu maana tairi zinateleza, ila kwenye njia kavu ngumu vyuma vinakamatana vinavutana, siku gia ya foo wili ikigoma kutoka utanikumbuka. Funga nne za aina moja.

La pili inawezekana ila jua unachokifanya. 265 ni upana kwa milimita, 65 ni urefu wa ukuta kwa asilimia ya huo upana, 17 ni ringi kwa inchi. Ukitoka 65 kwenda 70 ukuta unaongezeka milimita 13 na kitu, tairi zima linapanda kama sentimita 2.6, ila gari linainuka nusu yake tu. Spidi mita ikisoma 100 wewe uko kama 103. Ukikata usukani wote inaweza kugusa madigadi au plastiki za ndani, jaribu kabla hujalipa. Kwa sentimita moja na ushee mie nisingehangaika.

chuma_chakavu:
Haya nimeelimika, basi kila mtu afunge anachotaka. Ila kabla ya kulipa soma namba nne za mwisho kwenye maandishi ya DOT ubavuni, mbili za kwanza ni wiki mbili za mwisho ni mwaka. Nilishauziwa duka moja tairi "mpya", inang'aa, ina hadi vile vinywele vya mpira, kusoma nakuta 3114. Wiki ya 31 mwaka 2014. Na nilishalipa. Miezi minne ubavu ukaanza kupasuka nyufa kama kisigino.

nyuki_mkali:
Mrejesho. Leo nimezunguka mjini nimepata AT, LT265/65R17, index 120 ambayo muuzaji anasema kilo 1400 kwa tairi moja, namba za DOT ni za mwaka jana nimezisoma mwenyewe nimepiga na picha. Nimefunga nne, balansi na alaimenti. Zimebaki hizo hizo nne, ya spea hakuna. Kati ya zile za zamani niweke ipi? Na upepo nifuate kibandiko cha mlangoni?

fundi_ngambo:
Chagua ile yenye kashata zaidi kati ya hizo nne, saizi ni ile ile, ila iwe ya kukufikisha gereji tu na usiweke foo wili kwenye lami ikiwa imefungwa. Iangalie ndani kabla hujaipandisha chini ya bodi. Upepo, LT inataka kuzidi kidogo ile ya kibandiko hasa nyuma ukiwa na madumu, njoo kijiweni gari likiwa na mzigo tupime, usije likiwa tupu.

mama_tumbaku_urambo:
Na hiyo asali dumu unauzaje?

nyuki_mkali:
Mama nakuja inbox.