Kuroiler, Sasso, kuchi au kienyeji wa kawaida: yupi anafaa kwenye ua mdogo wa mjini?

Mwenyeji wa Mbagala
Wakuu, habarini. Nina kaua kadogo nyuma ya nyumba, kamezungushiwa ukuta, na majirani tumebanana. Nataka kufuga kuku kama 12: mayai ya watoto, na jogoo mmojammoja wa kitoweo. Sitaki kununua vifaranga kila msimu. Watoto wangu bado wadogo, kwa hiyo kuku mkorofi hapana. Mliowafuga, tofauti zao ni zipi hasa kwa ukubwa, ukuaji na tabia?

MamaTetea
Karibu sana. Mimi nina Kuroiler na Sasso kwenye banda moja, kwa hiyo nawaona kila siku. Kuroiler alitokea India, alizalishwa na kampuni ya Keggfarms akiwa kuku wa kijijini anayejitafutia, na ndivyo alivyo. Ukifungua banda asubuhi wanatawanyika, utawakuta wanachakura chini ya migomba mpaka jua liwe kali. Sasso ni damu ya Ufaransa, mzito na mpole. Anasimama kwenye chombo cha chakula mpaka kiishe, kisha anajilaza kivulini. Mtoto anaweza kumbeba asifurukute.

Kwa kukua hawapishani sana. Ukiwalisha vizuri, jogoo anapita kilo 2 kabla ya miezi 4. Jogoo wa Kuroiler aliyekomaa anafika kilo 3 na zaidi, na mtetea wake anaweza kukupa mayai 150 au zaidi kwa mwaka. Ila wewe hutaki kununua vifaranga, na hapo ndipo kwenye shida. Hao wote ni chotara, mitetea yao kwa kawaida haiatamii. Hata ukiyapeleka mayai kwenye mashine, vifaranga hawatoki sawa: huyu mkubwa, huyu mdogo, utagaji nao unashuka.

Wa Nzega
Mkuu, kuchi nimekulia nao. Ni kuku mrefu, shingo ndefu, anasimama wima, kifuani manyoya machache, kilemba kidogo kimelala kichwani. Jogoo ni kati ya kilo 2.5 na 3, na nyama yake imeshikana, mchuzi wake hauna mpinzani. Lakini kifaranga wake anachelewa kuota manyoya, baridi ya usiku inamsumbua, na mtetea hatagi mayai mengi.

Tabia ndiyo inayonifanya nikwambie usimchukue. Majogoo wawili wa kuchi hawakai ua mmoja, watapigana mpaka mmoja aanguke. Hata mitetea inadonoana. Kwa ua mdogo wenye watoto, hapana kabisa.

Kiambu
Huku Kenya wengi tunafuga kienyeji iliyoboreshwa ya KALRO, taasisi ya utafiti wa kilimo na mifugo, ile ya Naivasha. Ni watulivu, wakilishwa vizuri wanapita mayai 200 kwa mwaka. Ila na wao hawalalii mayai, wengi tunatumia inkubeta.

Bibi wa Kongwa
Wanangu, mbona kienyeji wa kawaida hamumsemei? Kweli ni mdogo, mtetea ana kilo moja na kidogo tu, na jogoo atakuchukua miezi 6 au 7 kabla hajafaa kuchinjwa. Kwa mwaka anataga mayai 40 hadi 60. Lakini anaatamia, siku 21 anatotoa, na analea mwenyewe. Mwewe akipita juu, analia mara moja tu na vifaranga wote wako chini ya mbawa.

Kwa mwenye swali: chukua mitetea mitatu ya kienyeji kwa ajili ya kuatamia, iliyobaki iwe Kuroiler. Mayai makubwa ya Kuroiler usimrundikie mtetea mdogo, 8 au 9 yanamtosha. Akishindwa kuyafunika yote yatapoa. Akishatotoa, watoto wasimsogelee. Mtetea mpole kuliko wote anakuwa mkali akiwa na vifaranga, anaruka usoni. Mfunike kwa tenga wiki za mwanzo. Na kama utampata kishingo, yule asiye na manyoya shingoni, mchukue, kwa joto la Dar anastahimili vizuri.

MamaTetea
Bibi amemaliza. Naongeza hili: weka vyombo viwili vya chakula, mbalimbali. Kwenye chombo kimoja wale wazito wanawasukuma kienyeji, na baada ya muda utaona mitetea midogo imekonda wakati pumba umeweka ya kutosha. Na chanjo ya mdondo (kideri) usiruke hata kwa kienyeji. Ile ya tone la jichoni irudie kila miezi 3.

Mwenyeji wa Mbagala
Asanteni sana, shikamoo Bibi. Nakwenda na huo mchanganyiko. Jogoo je, awe wa aina gani? Jirani yangu hapendi kelele.

Bibi wa Kongwa
Marahaba. Jogoo atawika tu, hata awe wa aina gani, kwa hiyo ongea na jirani mapema. Mmoja anatosha mitetea yote hiyo. Usichukue jogoo mzito wa chotara, atawachubua migongo wale wadogo. Tafuta wa kienyeji mwenye umbo la kati, na umjaribu hapohapo kwa muuzaji: msogezee mkono polepole. Akirudi nyuma, mlipie. Akikuinulia manyoya ya shingo, mwache hapohapo.