Mende wadogo jikoni: napulizia dawa, baada ya wiki mbili wamerudi

MamaK_Umoja
Hamjambo wadau. Nyumba ni ya kupanga, ghorofa ya tatu, mtaa wa Umoja, Nairobi. Mende ni wadogo, rangi ya kahawia, wana mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Nikiwasha taa usiku wanakimbilia nyuma ya friji na chini ya sinki. Mwezi huu nimepulizia dawa ya kopo mara tatu. Wakubwa wanakufa, kisha vitoto vinajaa tena. Nina mtoto anayetambaa. Nifanyeje?

DuduZero
Mama K, mistari hiyo miwili inatosha: hao ni mende wa Kijerumani. Hawatoki kwenye maji taka, wanazaliana humo humo jikoni. Jike hubeba kifuko cha mayai 30 hadi 40 nyuma ya tumbo mpaka siku za kuanguliwa, na dawa ya kupuliza haipenyi ganda la kifuko. Ndiyo maana unaona vitoto baada ya wiki mbili. Isitoshe, wengi wa aina hii wameshazoea dawa za makopo, na wasiokufa hutawanyika hadi chumba cha kulala.

Acha kupuliza kabisa. Nunua jeli ya mende, ile chambo chenye sumu kinachouzwa ndani ya bomba la sindano, yenye kiambato cha fiproni au indoksakabu, na uhakikishe kibandiko kina namba ya usajili ya PCPB, bodi ya Kenya inayosajili dawa za wadudu. Weka nukta ndogo, kila moja kama punje ya mchele. Jikoni ya kawaida inataka nukta 20 hadi 30. Nyingi ndogo zinashinda chache kubwa, kwa sababu mende hawatembei mbali na maficho yao. Sehemu zenyewe: kwenye bawaba za kabati, nyuma ya droo, bomba la sinki linapoingia ukutani, na nyuma ya friji karibu na mota, maana pale pana joto. Usiweke sakafuni wala mahali mtoto anafika.

Jeli huua polepole, na huo ndio uzuri wake. Mende anakula, anarudi maficho, anafia huko, na vitoto vinakula kinyesi chake na mzoga wake vinakufa pia. Kagua baada ya wiki moja, ongeza palipoliwa. Rudia wiki ya tatu kwa ajili ya watakaoanguliwa.

Kabati_Safi
Naongezea maji, kwa sababu watu hushughulika na makombo tu. Mende huyu akiwa na maji anaweza kukaa mwezi na zaidi bila chakula, lakini bila maji hafiki mbali, kama wiki mbili hivi. Huko kwenu maji ya mgao yanawekwa kwa ndoo na mitungi, basi zifunike zote. Kausha sinki kabla ya kulala, kamua kitambaa cha vyombo ukianike nje, mwaga maji ya trei iliyo nyuma ya friji. Unga na sukari viwe kwenye mikebe yenye vifuniko vya kubana.

Na tafadhali, chaki ya mende inayouzwa kando ya barabara usiilete nyumba yenye mtoto. Ni sumu, na mtoto ataishika kama chaki ya kuandikia.

MamaK_Umoja
Asanteni sana. Jeli niliwahi kuweka mwezi jana, lakini hawakuigusa.

DuduZero
Uliiweka juu ya sehemu ulizopulizia? Dawa ya kopo inawafukuza, kwa hivyo hawakaribii chambo. Osha sehemu hizo kwa sabuni ya vyombo, suuza, acha zikauke, ndipo uweke jeli mpya. Ikiwa bado hawaigusi, badilisha aina. Kuna mende wa Kijerumani wanaokataa glukosi, na chambo chenye sukari hiyo hawakili hata wakiwa na njaa. Jeli iliyokauka ikawa ngumu nayo iondoe.

Fundi_Silikoni
Kwenye ghorofa jambo la ukuta msilisahau. Mende mzima anapita kwenye ufa wa milimita chache, na mabomba ya sinki hupitia nyumba zote za mstari mmoja, juu na chini. Ziba kwa silikoni pale bomba linapoingia ukutani, lakini baada ya jeli kufanya kazi, usiwafungie ndani wakiwa wengi. Zungumza na keateka (mtunza jengo) ili majirani wa juu, chini na pembeni waweke jeli wiki ile ile. Wewe ukiwaua peke yako, watahamia kwako kutoka upande wa pili.

Ili ujue unasonga mbele, tega mitego ya gundi minne ikigusana na ukuta: nyuma ya friji, chini ya sinki, kando ya meko na ndani ya kabati. Hesabu kila baada ya siku tatu na uandike. Mtego wenye vitoto vingi unakuonyesha kwamba maficho yao yapo karibu na hapo, basi jeli iongezwe hapo hapo.