Tanga: msako uanzie barazani au dukani kwa mnunuzi?

Mleta mada, Ngamiani

Kila vibaka wakichachamaa hapa mjini, wito ni ule ule: polisi wafanye msako wa usiku, vijana wa barazani wazolewe, ikifika saa nne kila mtu ndani. Safari hii nausikia hata kwa watu ninaowaheshimu. Mimi naupinga, na naomba tubishane bila matusi.

Tuanze na kinachoibwa. Tanga hatuvunjiwi mabenki. Tunakwapuliwa simu na watu wawili juu ya pikipiki, tunaibiwa baiskeli, betri ya bajaji, mita ya maji, nondo za msingi, mfuniko wa chemba. Sasa huo mfuniko wa chemba kibaka anaupeleka wapi? Haupiki, haulali nao. Asubuhi uko kwenye mizani ya mnunuzi wa vyuma chakavu, unapimwa kilo pamoja na masufuria yaliyotoboka, na mwenye mizani anaona kabisa kwamba chuma kile kimeng'olewa barabarani. Simu nayo inalala kwa fundi, inaflashiwa, inabadilishwa kava, inauzwa. Watu hawa wana maduka na leseni za biashara, wanajulikana wanapofungua na wanapofunga. Lakini difenda likija linawapita mlangoni, linakwenda kumbeba anayecheza keram.

Kupokea mali ya wizi ni kosa tayari, kifungu cha 311 cha Kanuni ya Adhabu. Hatuhitaji sheria mpya. Msako uanzie hapo.

Mama lishe, stendi ya Kange

Mwanangu, hayo maneno ya mchana. Mimi natoka nyumbani saa kumi alfajiri niwahi abiria wa mabasi ya Dar. Nilishaporwa mkoba una mtaji wote, mpaka unga nikakopa. Wiki ambayo gari la polisi linapita njia ile natembea peke yangu, nasoma nyiradi zangu. Wiki lisipopita nasindikizwa na kijana wangu, na hapo tena roho juu: nikishafika, atarudije peke yake gizani bila kubebwa kwa kudhaniwa kibaka? Hata hivyo nasema gari lipite. Mnunuzi wa vyuma hajaniwekea kisu mimi.

Kijana wa Chumbageni

Mama kamaliza. Mnaogopa msako, wenzenu New York waliusafisha mji kwa mkono huo huo. Mwaka 1990 waliuawa watu 2,245 katika mji mmoja. Mwaka 1994 akaingia Meya Giuliani na mkuu wake wa polisi Bratton, wakabana mpaka anayeruka geti la treni bila tiketi na anayechora kuta. Mauaji yakaporomoka. Na hapa kwetu, Panya Road, yale magenge ya vijana waporaji wa Dar, walipobanwa mwaka 2022, mji si ulitulia?

Mleta mada

Kaka, hadithi umeikatia njiani. Mauaji ya New York yalianza kupungua kabla Giuliani hajaapishwa. Kusimamisha watu na kuwapekua kukaendelea kukua chini ya waliofuata mpaka mwaka 2011, mwaka mmoja tu, watu wakasimamishwa zaidi ya mara 685,000, wengi wao vijana weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini, na karibu tisa katika kila kumi hawakukutwa na kosa. Mwaka 2013 Jaji Shira Scheindlin akaamua kwamba namna ilivyokuwa ikifanywa inavunja katiba. Kufikia mwaka 2015 idadi ilishuka hadi kama 22,000. Walioutetea msako walitabiri damu itarudi mitaani. Haikurudi: mauaji yalikuwa 515 mwaka 2011, yakawa 292 mwaka 2017. Kama msako ndio uliokuwa umeuzuia mto, mbona ulipoondolewa maji hayakufurika?

Sisemi Bratton hakufanya kitu. Alianzisha vikao ambavyo mkuu wa kila eneo alisimamishwa mbele ya wenzake na takwimu zake, anaulizwa wizi fulani umefikia wapi. Hilo ningeliiga leo hii. Ila watu wetu wakiiga huko nje huacha kikao wakachukua virungu.

Na Panya Road umewataja vizuri. Hofu ile kubwa ya Januari 2015 ilifuatiwa na kamatakamata, vijana wakabebwa kwa mamia. Kama ilitosha, hao wa 2022 walitoka wapi?

Askari mstaafu, Nguvumali

Nimevaa gwanda maisha yangu yote ya kazi, nitasema kilivyo. Kwa nini askari anakimbilia barazani? Kwa sababu mkubwa wake asubuhi anauliza "umefanya nini", na jibu ni idadi. Wazururaji ishirini ni usiku mmoja. Mnunuzi mmoja wa mali ya wizi ni faili la miezi, maana lazima uthibitishe alijua, au alikuwa na sababu ya kujua, kwamba ni ya wizi. Yeye atasema ameuziwa na mtu asiyemfahamu, atadhaminiwa, atarudi kufungua duka.

Lakini nanyi raia mna lenu. Mtu anakuja kituoni kaporwa simu. IMEI, ile namba ya utambulisho wa simu? Haijui. Risiti? Hana. Boksi? Watoto walichezea. Ukimhoji zaidi unagundua anachotaka ni namba ya RB tu, ile ya taarifa kuandikwa kituoni, akarudishie laini. Akishaipata humwoni tena, hata ukimwita kutambua mali yake. Sasa nimpeleke nani mahakamani, na shahidi gani?

Fundi simu, Barabara ya 9

Shikamoo mzee. Na wewe mleta mada, usitubebe wote kapu moja. Mtu anakuja kavaa vizuri, ana chaja, anasema anauguza, anauza simu yake. Nimjue vipi? Mimi nataka daftari. Anayeuza aandike jina, namba ya kitambulisho cha NIDA, na IMEI ya simu, inayotoka kwa kubonyeza *#06# tu. Asiyetaka aende zake. Tatizo nikiweka daftari peke yangu, wateja wanahamia kwa jirani asiyeuliza kitu. Halmashauri ilifanye sharti la leseni, tubanwe wote siku moja.

Kitu kingine. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, walizima simu bandia nchi nzima kwa kutumia IMEI hizo hizo. Uwezo upo. Simu ya wizi ikifungiwa mitandao yetu inashuka bei palepale, maana hapa inabaki kuuzwa kioo na betri. Ingawa msisahau Horohoro, mpakani na Kenya, iko jirani. Ikishavuka mpaka inaongea kama kawaida.

Dereva bodaboda, Mikanjuni

Wanaokwapua kwa pikipiki tunawajua. Wengi hawana kijiwe, plate number wameikunja. Lakini mimi nikimtaja mtu asubuhi kituoni, jioni mtu huyohuyo ananiambia nilichokisema neno kwa neno. Ilishamkuta mwenzetu. Huyo polisi kata tuliyeambiwa ni wetu, namba yake ya simu ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa, nimpigie yeye tu. Zaidi ya hapo nafunga mdomo, nina watoto.

Mama wa Msambweni

Mimi ni mama wa mmoja wa hao mnaowaita mateja. Ameiba, sikatai, kaanza kwangu: feni, pasi, mpaka kanga zangu mpya. Amebebwa kwenye misako sijui mara ngapi, anatoka na arosto zaidi ya alivyoingia, usiku uleule anaiba tena. Alipotulia ni alipoanza kunywa methadoni, dawa ya kumtoa kwenye unga, hospitali ya Bombo, kila asubuhi, mbele ya nesi. Msako ukimkuta njiani akakosa dozi yake, tunaanza upya. Hilo nalo mliweke kwenye hesabu.

Kijana wa Chumbageni

Pole sana mama. Lakini bado, mtu wa saa saba usiku kona ya giza anafanya nini? Sheria ya uzururaji ipo kwa sababu.

Mleta mada

Ipo, ni ya tangu mkoloni, na mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, hapo Arusha tu, ilitoa maoni kwamba sheria za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu, na ikazitaka nchi zizifute au kuzirekebisha. Ile ni kumkamata mtu kwa alivyo, si kwa alichofanya. Na Tanga saa saba usiku, kaka, njoo gati la wavuvi Deep Sea uone nani yuko macho. Ukiwazoa wote wale kesho tule nini?

Mzee wa Nguvumali, neno lako la idadi nimelichukua. Basi wakubwa wabadilishe swali la asubuhi: mali ngapi zimerudi kwa wenyewe.

Mama lishe, stendi ya Kange

Daftari nimeliafiki, namba ya polisi kata nimeiafiki. Gari langu limepotelea wapi katika maneno yote haya?

Mleta mada

Halijapotea, mama. Mafuta ni yale yale. Yanayochomwa saa nne usiku kuzunguka baraza za Ngamiani yachomwe saa kumi alfajiri, njia ya kwenda Kange.

Askari mstaafu, Nguvumali

Hilo linawezekana bila hata kikao. Ila zamu ya saa kumi ndiyo askari hukwepa kuliko zote, na dereva wa gari mara nyingi ni mmoja. Anayekwenda kumwona OCD, mkuu wa polisi wa wilaya, aanze na hapo.